Kikohozi Kisichojulikana Sababu: Historia Yake, na Dawa Zinazotuliza Mishipa ya Fahamu



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, kila Ramadhan kuna sauti moja tunayoisikia msikitini kila usiku na hakuna anayeizungumzia. Ni kikohozi. Imamu anaanza rakaa ya kwanza ya tarawehe, na huko safu ya nyuma mtu mmoja anaanza kukohoa. Anajizuia, anashindwa, anakohoa tena mpaka machozi yanamtoka. Baada ya salamu watu wanageuka kumtazama. Mwingine anasogea kidogo kando.

Hapa kwetu Saboti, chini ya Mlima Elgon, kukohoa si jambo la ajabu. Baridi ya usiku ni kali, jikoni kuna moshi wa kuni, na wakati wa kupukuchua mahindi vumbi linajaa hewani. Kikohozi cha namna hiyo huja na kuondoka. Lakini yuko mtu anayekohoa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila anapopimwa anaambiwa hana ugonjwa.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Alikohoa karibu miaka minne. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, hana kifua kikuu. Picha ya kifua ikapigwa, mapafu safi. Basi watu wakaanza kusema yao. Wengine walisema ana ugonjwa mkubwa anauficha. Wengine walisema amerogwa. Wengine, na hawa ndio waliomuumiza zaidi, walisema anajifanya tu ili ahurumiwe. Mwisho akaacha kuja tarawehe. Hakubaki nyumbani kwa kutafuta fadhila ya mwanamke kuswali nyumbani kwake. Alibaki kwa aibu.

Kisa chake ndicho kilichonifanya nisome historia ya kikohozi. Na nilichokipata ndicho ninachotaka kukwambia leo: kikohozi ambacho sababu yake haionekani si uongo wala si uchawi. Mara nyingi ugonjwa hauko kifuani bali kwenye mishipa ya fahamu inayoamrisha kukohoa. Binadamu amechukua zaidi ya miaka elfu moja kulielewa jambo hili, na njiani amefanya makosa makubwa ambayo sisi vijana tunapaswa kuyajua.

WANAVYUONI WETU WA TIBA

Tuanze kwetu, katika historia ya Uislamu. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila ya kuteremsha dawa yake. Mafundisho haya yaliwafanya Waislamu wa zamani wasikae wakingoja. Walitafuta.

Katika karne ya 9 na mwanzo wa karne ya 10 aliishi Abu Bakr Muhammad ibn Zakariyya al-Razi, mzaliwa wa mji wa Ray katika nchi ya Uajemi, ambaye alisimamia hospitali kule Ray na Baghdad. Kati ya maandishi yake mengi kuna risala fupi juu ya mwanachuoni mwenzake, Abu Zayd al-Balkhi. Bwana huyu kila msimu wa machipuko akinusa mawaridi alishikwa na mafua. Al-Razi akajiuliza: vipi harufu nzuri, kitu ambacho mwingine anakifurahia, imfanye mtu huyu augue? Swali hili liweke akilini, ndugu msomaji. Tutalirudia.

Baada yake akaja Abu Ali ibn Sina (980–1037), aliyekamilisha kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb karibu na mwaka 1025. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Ibn Sina alieleza kikohozi kwa urefu, akatenganisha kile kinachotoka kwenye mapafu yenyewe na kile kinachosababishwa na viungo vingine. Miongoni mwa dawa walizozitumia matabibu wa zama zile, yeye akiwemo, ilikuwemo afyuni, yaani utomvu wa mpopi. Waliona kwamba inatuliza maumivu, inaleta usingizi na inanyamazisha kikohozi. Lakini Ibn Sina alijua pia kuwa afyuni ni sumu ikizidi kipimo, na alitahadharisha.

Kwa hiyo dawa ya kwanza yenye nguvu ya kikohozi ilikuwa dawa inayofanya kazi kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Wao hawakujua inafanyaje kazi. Walijua tu kwamba inafanya.

KUTOKA KASUMBA HADI UNGA

Kwa Kiswahili afyuni huitwa pia kasumba. Leo tukisema mtu ana kasumba tunamaanisha fikra mbovu zilizomkaa kichwani hata hawezi kuzitoa. Wazee wetu waliolitumia neno hilo hivyo walikuwa wanaijua tabia ya kitu chenyewe: kikimwingia mtu, hakimtoki.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner alifaulu kutoa ndani ya afyuni kile kiini chenye nguvu, kikaitwa mofini. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Jean Robiquet akatoa kiini kingine chenye nguvu ndogo zaidi, kodeini. Hii ndiyo kodeini ile ile ambayo imekuwa ikitiwa katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi mpaka wakati wetu.

Kisha kikatokea kisa ambacho kila kijana Mwislamu wa Kenya anafaa kukijua. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilitoa sokoni dawa mpya ya kikohozi. Zama zile kifua kikuu na homa ya mapafu vilikuwa vinaua watu wengi sana, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa. Dawa hiyo ilisifiwa kwamba ina nguvu kuliko kodeini, na wengi waliamini kwamba haimtawali mtu kama mofini. Kampuni ikaipa jina la Heroin.

Ndiyo, ndugu yangu. Ni heroini hiyo hiyo. Ule unga ambao tangu miaka ya 1980 umeingia Mombasa, Malindi na Lamu, ukawatoa vijana wa Kiislamu misikitini na kuwalaza mabarazani, ulianza maisha yake kama dawa ya kikohozi. Bayer iliacha kuitengeneza mwaka 1913, na Marekani ikapiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1924, lakini tayari maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Sikuleta kisa hiki kuwatisha watu wasitumie dawa. Nimekileta kwa sababu dawa yoyote inayogusa mishipa ya fahamu ni amana. Ukiitumia kwa kipimo na kwa sababu inayojulikana, ni rehema. Ukiichezea, inakucheza.

AFRIKA MASHARIKI NA KIFUA KIKUU

Sasa turudi kwetu. Mtu akikohoa Kitale au Bungoma, jambo la kwanza linalokuja akilini mwa kila mtu ni kifua kikuu. Na hiyo ni haki kabisa, kwa sababu historia yetu ndiyo imetufundisha.

Wachache wanajua kwamba tiba ya kifua kikuu inayotumika duniani leo ina deni kubwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Zamani mgonjwa alitakiwa ameze dawa kwa muda wa miezi 18. Wengi walichoka njiani wakaacha, ugonjwa ukarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walijaribu kitu ambacho wengi hawakukitarajia: kutibu kwa miezi 6 tu, kwa kuunganisha streptomisini na isoniazidi pamoja na dawa nyingine kama rifampisini au pirazinamidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba inawezekana. Tiba fupi ya miezi 6 inayotolewa bure katika hospitali zetu za serikali mizizi yake iko hapa hapa kwetu.

Kuna somo jingine katika historia hiyo. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia dawa moja ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni. Iliokoa watu wengi. Lakini ulipokuja Ukimwi, utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye virusi waliopewa dawa hiyo walikuwa katika hatari ya kuchunika ngozi vibaya, na wengine walikufa. Ikabidi iachwe kwa wagonjwa hao. Dawa ni ile ile, lakini mtu si yule yule. Ndiyo maana haifai kumeza dawa ya jirani kwa kuwa yeye ilimfaa.

Basi sheria ya kwanza hapa kwetu haijabadilika: ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Usianze kuzungumzia mishipa ya fahamu kabla ya hapo. Siku hizi kuna mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, ambayo inatoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi. Anayechelewa anajidhulumu, na anawadhulumu watoto wanaolala naye chumba kimoja.

LAKINI IKIWA SI KIFUA KIKUU?

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Mtu akiambiwa hana kifua kikuu, anarudi nyumbani na kikohozi chake kama alivyokwenda. Anapita kwa kemisti, ananunua chupa ya dawa. Inakwisha. Ananunua nyingine.

Kule Marekani, daktari Richard Irwin na wenzake walianza miaka ya 1970 kufuata njia yenye mpango. Walisema: mishipa inayoleta kikohozi imeenea kutoka puani na kooni mpaka kifuani na hata kwenye njia ya chakula; basi tuifuate hatua kwa hatua tuone wapi panawashwa. Maandishi yao ya mwaka 1977 na 1981 yaliwaonyesha madaktari kwamba kwa mtu mzima anayekohoa muda mrefu na picha ya kifua ni safi, mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu, au zaidi ya moja kwa pamoja: makamasi yanayoshuka nyuma ya koo, pumu ambayo wakati mwingine haina dalili nyingine ila kukohoa, na asidi ya tumbo inayopanda juu, ile tunayoiita kiungulia.

Kisha kikapatikana kisababishi ambacho hakuna aliyekishuku: dawa. Mwaka 1981 ilianza kuuzwa dawa mpya ya presha iitwayo kaptoprili, na baada yake wakaja ndugu zake kama enalaprili na lisinoprili. Ni dawa nzuri na zimeokoa mioyo mingi. Lakini katikati ya miaka ya 1980 madaktari waligundua kwamba baadhi ya wanaozimeza wanapata kikohozi kikavu kisichokwisha. Ukiacha dawa, kikohozi kinaondoka baada ya wiki kadhaa. Mzazi wako akiwa na presha na anakohoa, mpeleke kwa daktari na pakiti zake zote. Asiache dawa mwenyewe, maana presha nayo inaua. Daktari atambadilishia.

Na tusisahau hewa tunayoivuta. Wakazi wa Webuye, Bungoma, wanakumbuka kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichoanza kazi miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009. Harufu yake ya mayai mabovu ilikuwa inakupokea barabarani kabla hujauona mji, na wakazi walilalamika miaka mingi juu ya vifua vyao. Kiwanda kile kilikuwa riziki ya maelfu, na moshi wake ulikuwa mzigo wa maelfu hao hao. Jikoni kwetu nako, mama anayepika kwa kuni kwenye chumba kisicho na dirisha anavuta moshi kila siku ya maisha yake.

Shangazi alipitishwa njia hii yote. Dawa ya presha ilibadilishwa. Akapewa dawa ya kuvuta ya pumu, kisha dawa ya asidi. Akahamishia jiko nje. Kikohozi kikapungua kidogo, halafu kikakaa pale pale.

PILIPILI INAYOKAANGWA

Turudi kwa swali la al-Razi: kwa nini harufu ya waridi imuuguze mtu?

Kila mtu anajua pilipili ikikaangwa nyumba nzima inakohoa. Ni kwa nini? Katika mwaka 1997 mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake waligundua mlango mdogo ulioko kwenye ncha za mishipa ya fahamu, ambao unafunguka ukiguswa na ukali wa pilipili au na joto. Mlango ukifunguka, habari inakwenda kwenye ubongo: kuna hatari! Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, akishirikiana na Ardem Patapoutian.

Mshipa mkuu wa kikohozi unaitwa vagasi, neno la Kilatini lenye maana ya mzururaji, kwa sababu unazurura kutoka ubongoni, shingoni, kwenye mapafu, moyo na tumbo. Hata sikioni una tawi lake. Ndiyo sababu wako watu wakisafisha sikio kwa pamba wanakohoa. Jaribu kuuliza nyumbani kwenu, huenda ukampata mmoja.

Madaktari wakaanza kuwavutisha wagonjwa mvuke wenye ukali wa pilipili kwa kipimo kidogo sana. Wakakuta kwamba wengi wenye kikohozi sugu wanakohoa kwa kipimo ambacho mtu mwingine hakisikii. Kumbe mishipa yao iko macho kupita kiasi. Ni kama king'ora cha gari kilichoharibika: kimewekwa kwa ajili ya mwizi, lakini kinalia hata paka akipita. Huwezi kumwambia mwenye gari kwamba kelele anazitunga. King'ora kinalia kweli. Kilichoharibika ni kipimo chake cha hatari.

Wengi wao husema ilianza na mafua makali, au homa ya kifua iliyopona, ikabaki hiyo. Wanasikia mwasho kooni kama kuna unywele. Wanakohoa wakicheka, wakizungumza sana, wakipita penye manukato au baridi. Mwaka 2014 kikundi cha wataalamu wa Jumuiya ya Mapafu ya Ulaya kilitoa maelezo rasmi ya hali hii, kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya kikohozi kuwa myepesi kupita kiasi.

Niliposoma hapo nilimkumbuka shangazi. Kilichokuwa kinamwanzishia kikohozi msikitini ni udi. Ramadhan sisi huufukiza msikiti kabla ya isha, jambo jema la sunna ya kupenda harufu nzuri. Yeye ule moshi ukimfikia tu, basi. Ni Abu Zayd na mawaridi yake.

DAWA ZA MISHIPA YA FAHAMU

Ikiwa tatizo ni mshipa ulio macho mno, madaktari walijiuliza, je, dawa zinazotuliza mishipa kwa magonjwa mengine hazitafaa? Tayari zilikuwa zinatumika kwa maumivu ya mishipa, kama miguu inayowaka moto kwa wagonjwa wa sukari.

Mwaka 2006 kulichapishwa jaribio dogo la amitriptilini, kidonge cha tangu miaka ya 1960 kilichotengenezwa kwa ugonjwa wa huzuni kubwa. Kwa kipimo kidogo cha usiku, kilisaidia wenye kikohozi cha mishipa kuliko dawa ya kodeini. Mwaka 2007 madaktari wa mji wa Hull, Uingereza, waliwapa wagonjwa 27 mofini kwa kipimo kidogo sana na kikohozi kikapungua; lakini mofini ni mofini, na historia yake tumeshaisoma.

Jaribio linalotajwa zaidi ni la mwaka 2012, lililofanyika Australia. Wagonjwa 62 waligawanywa mafungu mawili kwa wiki 10. Fungu moja lilipewa gabapentini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993 kwa wenye kifafa. Fungu jingine lilipewa vidonge visivyo na dawa, na wagonjwa hawakujua nani amepewa nini. Waliopewa gabapentini walipata nafuu zaidi. Lakini soma na haya mengine. Karibu mtu 1 kati ya 3 wa fungu hilo alipata madhara kama kizunguzungu, uchovu na kichefuchefu, wakati upande wa pili ilikuwa 1 kati ya 10. Na dawa ilipoachwa, nafuu ilififia. Kwa hiyo inatuliza, haiponyeshi kabisa.

Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani wakaishauri kwa wagonjwa ambao sababu zao zimetafutwa na kukosekana, kwa sharti daktari apime faida na madhara na aiache kama haisaidii. Siku hizi kuna na dawa mpya, gefapiksanti, inayofunga mlango mmoja wa mishipa ya kikohozi. Japani iliikubali mwaka 2022 na Ulaya mwaka 2023, lakini Marekani iliikataa. Taabu yake kubwa ni kwamba wengi wanaoitumia wanapoteza ladha ya chakula.

Na kuna tiba isiyo na kidonge. Mwaka 2006, Australia pia, wagonjwa 87 walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya wataalamu wa sauti: kuutambua mwasho kabla haujawa kikohozi, kumeza mate badala ya kukohoa, kupumua polepole kwa pua, kuacha kusafisha koo kila saa. Waliofunzwa walipata nafuu kuliko wenzao. Haya hata aliyefunga anaweza kuyafanya, kwani kumeza mate yako hakuharibu saumu.

"WAMEMPA DAWA ZA WAZIMU"

Daktari mmoja Eldoret ndiye aliyemwandikia shangazi amitriptilini, kipimo kidogo, kidonge kimoja usiku. Binamu yangu akaitafuta kwenye simu, akasoma kwamba ni dawa ya wagonjwa wa akili. Nyumba ikawaka moto. "Wamempa dawa za wazimu!" Shangazi akaziweka kabatini mwezi mzima bila kuzigusa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo elimu inapokuwa ibada. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili. Aspirini ni ya kichwa na ni ya moyo. Kupewa dawa ya kifafa si kuwa na kifafa. Na hata kama mtu angekuwa mgonjwa wa akili, ingekuwa aibu gani? Ni ugonjwa kama mwingine, na aliouteremsha ameteremsha na dawa yake.

Lakini upande wa pili nao uangaliwe. Dawa hizi si za kununua kwa kemisti kwa kusikia tu:

1. Zinaleta usingizi na kizunguzungu. Anayeendesha boda boda au mashine ajihadhari, na mzee asije akaanguka usiku.
2. Zisichanganywe na pombe, ambayo kwetu ni haramu tayari, wala na dawa za usingizi au za jamii ya afyuni. Zikikutana zinaweza kupunguza pumzi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya gabapentini mwaka 2019.
3. Wapo vijana wanaozitumia kulewa. Uingereza iliziweka gabapentini na pregabalini chini ya udhibiti mkali mwaka 2019, na mwaka 2024 ikaamua kwamba dawa ya maji ya kikohozi yenye kodeini isiuzwe bila cheti cha daktari. Kijana anayekunywa chupa ya kikohozi ili apate stimu anapita njia ile ile iliyopitiwa na heroini.
4. Asiziache ghafla aliyezizoea. Zinapunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari.
5. Wenye ugonjwa wa moyo, figo au wajawazito waseme mapema.

Na kwa Ramadhan: mwulize daktari kabla ya mwezi kuandama kama dawa inaweza kupangwa baina ya futari na daku. Ile inayomezwa mara moja usiku ni rahisi. Inayomezwa mara tatu inahitaji mpango. Amitriptilini inakausha mdomo, na mfungaji ataiona kiu mapema. Ikishindikana, Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona ana njia yake ya fidia. Suala la dawa ya kuvuta kwa mdomo, kama inabatilisha saumu au la, wanavyuoni wamehitilafiana. Muulize sheikh wako, usijitolee fatwa.

TUMRUDISHE KWENYE SAFU

Shangazi hatimaye alizimeza. Wiki ya kwanza alilala mpaka daku ikampita, akala tende moja adhana ikilia. Daktari akamwambia azimeze mapema zaidi, mara tu baada ya futari. Baada ya mwezi mmoja hivi kikohozi kilipungua. Hakikwisha. Bado anakohoa akicheka sana, na yeye mwenyewe husema afadhali, maana zamani hakuwa na la kumchekesha.

Huu ni ushahidi wa mtu mmoja tu, si wa kila mtu. Lakini kilichomrudisha tarawehe hakikuwa kidonge peke yake. Mama mmoja wa upande wa wanawake alimwendea nyumbani akamuuliza: "Dada, ni nini hasa kinakusumbua?" Aliposikia ni udi, siku ya pili chetezo kilihamishiwa nje ya mlango, dirisha likafunguliwa, na shangazi akapewa nafasi pembeni karibu na hewa. Ilichukua dakika tano. Miaka minne tulikuwa tukimtazama tu.

Basi Ramadhan hii, mwenye kukohoa afunike mdomo wake kwa nguo au kiko cha mkono, kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akifunika uso wake alipopiga chafya, na aliyezidisha wiki 2 aende akapimwe. Na sisi wengine tusimtangulie Mwenyezi Mungu kwa hukumu. Usiseme amerogwa. Usiseme anajifanya. Muulize, msindikize hospitali, mshikie chupa ya maji mpaka magharibi ifike. Al-Razi alimwona mwanachuoni mwenzake anaumwa kwa harufu ya waridi, hakumcheka. Alikaa chini akaandika, akitafuta sababu. Huo ndio urithi wetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa, na azikubali saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Ramadhan Karim.